Kabla ya Papi ya Kwanza: Kuandaa Karakana na Mbao za Kayaki Mjini Bukavu

(Hotuba iliyotolewa Bukavu mbele ya mafundi seremala na vijana wanaojifunza ufundi)

Wazee wangu, mafundi wenzangu, akina mama na akina baba mliofika, na ninyi vijana mlioacha kazi zenu mchana huu ili mje kunisikiliza,

Nimeleta vipande viwili vya mbao, na ninaomba vipitishwe mkono kwa mkono wakati ninapozungumza. Kimoja kimeandikwa namba 3 kwa chaki, kingine namba 7. Vyote viwili vimetoka katika gogo moja la sipresi, vilipasuliwa siku moja, na vina urefu na unene uleule. Kila mtu avishike kimoja kila mkono, asiseme lolote, ampe jirani yake.

Waandalizi wa kikao hiki waliniomba nieleze jinsi ya kuunda kayaki ya mbao, na mimi niliwaomba waniruhusu nieleze sehemu ya mwanzo tu, yaani chumba cha kazi na mbao zenyewe. Nilifanya hivyo kwa sababu vijana wengi wanaokuja nyumbani kwangu huniuliza habari za umbo, za gundi na za rangi ya mwisho, na ni nadra sana nimpate anayeniuliza mbao zikae wapi, kwa muda gani, na atajuaje kwamba zimeiva kwa kazi. Kwa maoni yangu chombo cha namna hii huharibika au hupona kabla papi ya kwanza, yaani ukanda wa kwanza mwembamba wa mbao, haijabandikwa.

Niseme kwa ufupi kayaki ni nini, kwa kuwa hapa ziwani Kivu tumezoea mtumbwi wa gogo na zile mashua tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, ambazo wavuvi wetu hutoka nazo usiku kutafuta sambaza, wale samaki wadogo. Kayaki ni chombo chembamba, chepesi, kilichofunikwa juu, chenye tundu la kuketi mtu mmoja anayepiga kafi yenye bapa pande zote mbili. Waliokibuni ni watu wa nchi za barafu, Wainuit na jirani zao wa Greenland, Kanada ya kaskazini na Alaska, ambao katika sehemu kubwa ya makazi yao hakuna mti unaoweza kutoa ubao. Walikusanya magogo yaliyoletwa ufukweni na mikondo ya bahari, wakaunda mataruma membamba, yaani mbavu za chombo, wakayavika ngozi ya sili. Na walipimaje? Huko Greenland urefu wa chombo ulikuwa kama pima tatu za mwenye chombo, yaani mara tatu ya mikono yake iliyonyooshwa, na upana wake ulikuwa nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Wazee wetu waliopima kwa shibiri, dhiraa na pima wangekaa na mafundi hao wakaelewana bila mkalimani. Mimi jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria, kwamba waliokosa miti ndio waliojifunza kuiheshimu mbao kuliko watu wote, hata kipande kilichookotwa mchangani hakikukatwa kabla ya kutazamwa sana.

Kayaki tunayoizungumzia leo inaundwa kwa njia ya siku hizi: papi nyembamba za mbao hubandikwa ubavu kwa ubavu juu ya violezo, yaani vipande vilivyokatwa kwa umbo la chombo, kisha ganda lote hufunikwa ndani na nje kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi, gundi ya majimaji inayogeuka kuwa ngumu. Papi moja ina unene wa milimita 6 na upana wa milimita 19. Chombo cha mtu mzima kina urefu wa mita 5 na sentimita 20 hivi. Shikeni vipimo hivyo vitatu, kwa sababu vinatawala kila nitakalosema.

Tuanze na chumba. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na sisi tunaoishi Kadutu au Bagira tunajua kwamba kupata mita 5 zilizonyooka ndani ya uzio ni jambo la kutafuta. Chombo kinahitaji urefu wake, na zaidi ya hapo kinahitaji nafasi ya fundi kupita kwenye gubeti, yaani mbele, na kwenye shetri, yaani nyuma, bila kukigusa, kwa hiyo msifikirie chumba kisichofika mita 6 na nusu. Upana wa mita 2 na nusu unatosha. Si lazima kiwe chumba cha kuta nne. Banda la mabati lililoegemezwa kwenye ukuta mrefu wa nyumba linafaa kabisa, mradi mvua ya upepo isiingie na maji ya mlimani yasipite chini yake. Chimbeni mfereji upande wa juu kabla ya kusimamisha nguzo, maana unyevu unaopanda kutoka kwenye udongo utaharibu kimyakimya mbao ambazo mvua haikuzifikia.

Lipo jaribio moja ninalolihimiza kuliko mengine yote kuhusu chumba, na halihitaji fedha. Tafuteni mwanzi wenye urefu wa chombo mnachokusudia kukiunda. Mtu mmoja ashike mbele, mwingine nyuma, waulaze sambamba na ardhi, wautoe ndani ya karakana, waupitishe mlangoni, uani, kwenye kichochoro, kwenye ngazi, mpaka barabara inayoteremka ziwani. Mwanzi usiinuliwe kusimama wima, kwa sababu kayaki yenye upana wa sentimita 56 haitainuliwa hivyo kati ya kuta mbili na nyaya za umeme. Nilipofanya jaribio hilo nyumbani kwangu, mwanzi ulikwama mara mbili: kwanza kwenye kona ya jiko la jirani, halafu pale ngazi zinapokunja. Kwa jirani nilikwenda kuomba ruhusa nikaipata, na kwenye ngazi ikabidi nigeuze upande wa mlango wa karakana. Yote hayo niliyafanya wakati ambapo kulikuwa na nguzo nne tu ardhini. Fikirieni ningeyagundua baada ya miezi minane ya kazi.

Kuna urefu mwingine ambao watu huusahau kabisa, nao ni urefu wa kuchana. Ubao wa mita 4 unaosukumwa kwenye msumeno wa mezani unahitaji mita 4 kabla ya msumeno na mita 4 nyingine baada yake. Jumla ni mita 8, na chumba chenu kina 6 na nusu. Njia ya kwanza ni kuweka meza ya msumeno mbele ya mlango, na dirisha likiwa limeelekeana nao, ili ubao uingie kwa huku na kutokea kwa kule. Njia ya pili, ambayo mimi ninaipenda zaidi kwa nyumba zetu, ni kuuacha ubao utulie juu ya farasi za mbao huko uani, umebanwa vizuri, na fundi atembee na msumeno wa mkono wa umeme akifuata kiongozi kilichonyooka, yaani kipande cha kuuongoza msumeno. Inachosha zaidi, lakini haihitaji chumba, na vidole vya msaidizi havikaribii meno ya msumeno.

Kuhusu mwanga, nitasema neno moja tu: taa ya juu huficha makosa. Wekeni dirisha au taa chini, upande, ili mwanga utambae juu ya ganda. Uvimbe wa nusu milimita ambao kiganja chenyewe kinautilia shaka utaonekana kwa kivuli chake.

Vumbi na moto vinahitaji maneno zaidi. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana pumzi, na mwerezi mwekundu wa Marekani, ambao mafundi wa huko wanaupenda kwa kayaki, umewaletea wafanyakazi wa viwanda vya mbao ugonjwa wa pumu. Kwa hiyo barakoa nzuri si pambo. Maranda yatolewe nje kila jioni. Mbabula, yaani jiko la makaa, isiingizwe kamwe katika karakana, hata asubuhi za kiangazi zenye baridi, kwanza kwa sababu ya cheche, na pili kwa sababu makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni; hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka usiku watu wakiwa wamelala. Vitandazwe nje vikauke, au vizamishwe majini.

Ndani ya chumba hicho itasimama boriti ya kubebea violezo, ambayo wengine huiita uti wa mgongo wa kazi. Ni sanduku refu la mbao au plaiwudi, ile tunayoiita hapa tripleksi, lenye urefu wa karibu mita 5. Juu yake violezo vya tripleksi ya milimita 12 husimama kila baada ya sentimita 30, kila kimoja kikiwa na umbo la chombo mahali pake. Boriti hii ikiwa na msokoto, chombo kitazaliwa na msokoto, nacho kitakuwa kinavuta upande mmoja majini kila siku ya maisha yake. Sakafu zetu hazijalingana sawa, na hilo lisiwakatishe tamaa, kwa kuwa boriti ndiyo inayotakiwa kunyooka. Nyosheni uzi kutoka mwisho hadi mwisho. Chukueni bomba jembamba la plastiki linaloonyesha maji ndani, mlinganishe pembe zake nne. Kisha wekeni vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, mpige magoti na kutazama kimoja juu ya kingine: vikienda sambamba, hakuna msokoto.

Sasa nije kwenye mbao, na hapa nitakaa.

Swali la kwanza ni mti gani. Ganda lote la kayaki lina karibu mita 5 za mraba, na kwa unene wa milimita 6 hizo ni lita 30 za mbao. Mita moja ya ujazo ya sipresi iliyokauka ina uzito wa karibu kilo 450; ya mvule, karibu kilo 650; ya mkaratusi, mara nyingi 800 au zaidi. Kwa hiyo ganda la sipresi litakuwa kilo 13 na nusu, la mvule kilo 19 na nusu, la mkaratusi kilo 24, kabla ya kitambaa, epoksi na kiti. Anayeishi Muhumba au Nguba, karibu na maji, anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo. Anayekibeba begani kutoka Kadutu, na kupanda nacho jioni akiwa amechoka, ataihesabu kila ngazi. Ndiyo maana ninasema sipresi kwa ganda, na mvule au libuyu, mti mwingine wa mbao, kwa sehemu chache zinazosuguliwa, kama ukingo wa tundu la kuketi.

Tena sipresi na grevilea ni miti ya kupandwa. Inaota mashambani, ina mwenye kuipanda, na anayeiuza anaweza kukuonyesha kisiki chake. Msikubali mbao ambayo muuzaji anasita kusema imetoka wapi. Tuna msitu wa Kahuzi-Biega mlangoni petu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970 na urithi wa dunia tangu 1980, na mimi sitaki chombo cha kufurahia ziwa kiwe kimetoa ubao hata mmoja humo.

Mkiwa kwa muuzaji, tazameni uso wa ubao. Vifundo vidogo vilivyokaza vinavumilika. Vile vyeusi vinavyotikisika ni tundu linalongoja kutokea. Tazameni nyuzi zinakwenda wapi ubavuni: zikiukimbia ubao, yaani zikitoka nje ya ukingo baada ya mkono mmoja, papi itakayotoka humo itavunjika itakapopindwa kwenye violezo. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Mbao zenye michoro mipana kama mawimbi usoni, ambazo fundi wa meza huzikwepa, kwetu ni nzuri. Papi huchanwa kutoka ubavuni mwa ubao, kwa hiyo kilichokuwa unene wa ubao ndicho kinachogeuka kuwa uso wa papi, na humo nyuzi hupita zimenyooka na kukaribiana. Kwa kuwa mbao husinyaa kufuata mzunguko wa duara zake za ukuaji takriban mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini, papi ya namna hiyo hutulia zaidi katika upana wake, ambao ndio upande uliogundishwa kwa jirani yake.

Baada ya kununua, mbao hazichanwi. Mwaka nilioanza kazi hii mimi sikulijua hilo vya kutosha. Nilinunua mbao kwa muuzaji aliyeniapia kwamba zimekauka, nikazichana mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua, nikabandika papi moja moja kwa miezi minne. Ganda lilikuwa zuri hata majirani walikuja kulitazama. Nikalifunika kwa turubai nikingoja kupata epoksi, na kiangazi kikaingia. Mwezi wa saba nilipoondoa turubai asubuhi, niliona mwanga ukipita katikati ya papi na papi. Kila papi ilikuwa imesinyaa si hata nusu milimita, lakini papi arobaini zikisinyaa pamoja, ganda linadai sentimita moja na nusu, na lisipozipata linapasuka. Lilipasuka mahali sita. Nililivunja kwa mikono yangu, na ninawaambia vijana wazi kwamba siku ile nililia.

Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na msemo huo ni wa kweli kwa malezi. Kwa papi za kayaki huwapotosha watu, kwa sababu mbao mbichi hupinda kwa upole mno mkononi na kumfanya fundi aamini kwamba imekubali.

Kwa hiyo mbao zipangwe. Chagueni kivuli chenye upepo. Jengeni vinguzo vya mawe au matofali, sentimita 40 kutoka ardhini, vilinganishwe. Kila safu ya mbao itenganishwe na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja, kila baada ya sentimita 50, na vijiti vya safu ya juu vikae sawasawa juu ya vya chini, la sivyo uzito wa juu utazipinda za chini. Ncha za mbao zipakwe rangi nzito au nta, maana maji hutoka kwenye ncha upesi kuliko kwenye uso, na hapo ndipo nyufa huanzia. Juu kabisa wekeni mawe. Wazee wa kazi husema mwaka mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Ni mwongozo mzuri, lakini mimi siku hizi ninaitegemea mizani.

Mizani inafanya kazi hivi. Kateni kipande kidogo kutoka ndani ya ubao, mbali na ncha, mkipime mara moja kikiwa bado na maji yake. Tuseme ni gramu 162. Kikausheni katika tanuri kwa joto la nyuzi 103 hivi, mkikipima tena na tena mpaka uzito ukome kushuka. Jirani yangu anaoka mikate, na huniruhusu niweke vipande vyangu moto unapokuwa umepungua sana. Moto mkali utaunguza mbao na kuharibu hesabu. Tuseme kimesimama kwenye gramu 120. Maji yalikuwa gramu 42, na 42 kwa 120 ni asilimia 35. Sasa pimeni ubao mzima uliotoa kipande hicho. Ukiwa na kilo 12 na gramu 150, gawanyeni kwa 1.35, mtapata kilo 9, ambazo ni uzito wa mbao tupu bila maji. Sisi tunataka unyevu wa asilimia 12, basi ubao huo utakuwa tayari utakapofika kilo 10 na gramu 80. Andikeni uzito huo juu ya ubao wenyewe. Tangu siku hiyo hakuna muuzaji, wala mzee, wala mimi, anayehitaji kuwaapia lolote.

Mtaona kwamba wakati wa mvua uzito unakoma kushuka kabla ya kufika mnakotaka. Mbao hukauka mpaka inapolingana na hewa iliyoizunguka, kisha husimama. Ndiyo sababu mimi hupanga mbao zangu mwaka mmoja, na huzichana kiangazi cha mwaka unaofuata, kati ya mwezi wa sita na wa nane, kisha papi hulala ndani ya nyumba, juu ya dari, zimefungwa pamoja kwa kamba laini ili zisijipinde.

Kuchana kwenyewe kufanyike kwa siku moja au mbili mfululizo, kiongozi cha msumeno kikiwa hakijaguswa, kwa sababu papi za leo na za wiki ijayo hazitakuwa na unene mmoja hata fundi akiwa hodari namna gani. Hakikisheni mapema kwamba kuna umeme au mafuta ya jenereta. Hesabu ya mbao ni hii: mnahitaji papi kama 80 za mita 5 na robo, yaani mita 420. Ubao wa mita 4 wenye upana wa sentimita 20, ukipigwa randa mpaka unene wa milimita 19 na kuchanwa kwa msumeno unaokula milimita 3, hutoa papi 22, sawa na mita 88. Mbao tano hutosha kwenye karatasi. Nunueni saba, kwa ajili ya vifundo na nyuzi zinazokimbia. Msumeno mwembamba unaokula milimita moja na nusu utatoa papi 26 katika ubao uleule, na tofauti hiyo inalipa bei ya msumeno.

Papi za mita 4 zitaungwa kwa mkato wa mshazari, urefu wa mkato ukiwa mara nane ya unene, yaani karibu sentimita 5, na viungo vya papi jirani visikutane mahali pamoja.

Ninaona vipande vimerudi safu ya mbele. Namba 3 ni kile chepesi. Kimekaa mwaka mmoja na miezi miwili chini ya bati. Namba 7 kilikaa mwaka huo wote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa makusudi, ili mkono wenu uyajue maji yaliyofichwa katika mbao inayoonekana kavu. Aliye nacho naomba akirejeshe mezani mapema, kwa maana leo ndipo kinapoanza safari yake kwenye hewa, na kitapimwa kila Jumatatu asubuhi. Daftari la uzito litakuwa wazi kwa yeyote atakayepita nyumbani kulisoma.